Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mbinu za Wakimbiaji wa Marathoni kwa Mtu Mwenye Lengo Lake

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye lengo la miezi mingi: mtihani wa taaluma, akiba ya kununua kiwanja, lugha mpya, kitabu kinachosubiri kuandikwa. Mifano mingi tumeichukua kwenye mbio ndefu za Kenya na Tanzania, kwa sababu huko kazi inapimika kwa sekunde, na namna wanavyofanya mazoezi imeonwa na wengi kwa miaka mingi.

Kipchoge ana kipaji. Mimi mtu wa kawaida nitaiga nini kwake?

Mapafu yake huwezi kuyapata. Ratiba yake unaweza, walau umbo lake. Wengi wanamjua Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, kwa siku kubwa: Vienna, Austria, tarehe 12 Oktoba 2019 alipokimbia kilomita 42.195 kwa 1:59:40, au Berlin alikovunja rekodi ya dunia mwaka 2018 na tena 2022. Siku hizo zinafurahisha kuzitazama, ila ukitaka kitu cha kuchukua nyumbani, tazama Jumanne yoyote ya kawaida kwenye kambi yake ya mazoezi huko Kaptagat, Kenya.

Wiki yake imekwenda hivi kwa miaka: Jumanne uwanjani, kukimbia kwa kasi na kurudia, Alhamisi mbio ndefu, wiki hii kilomita 30, wiki ijayo 40, Jumamosi mazoezi ya kubadilisha kasi barabarani. Siku zilizobaki ni mbio nyepesi. Kwa wiki nzima zinafika kilomita 200 hivi. Baada ya mazoezi anaandika kwenye daftari. Kambini kuna zamu za usafi, na bingwa wa Olimpiki naye husafisha choo zamu yake ikifika. Hakuna kilichofichwa hapo. Kazi iko kwenye kuirudia wiki ileile miezi minne mfululizo, halafu mwaka unaofuata tena.

Kipaji peke yake hakikumwokoa. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18, lakini mwaka 2012 alikosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mwaka uliofuata akahamia marathoni na kushinda Hamburg kwa 2:05:30.

Lengo langu niliandikeje?

Kwa ngazi tatu: matokeo unayoyataka, kiwango kinachopimika, na kazi ya leo. Vienna ni mfano mzuri. Matokeo: kumaliza marathoni chini ya saa mbili. Kiwango: dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita. Kazi: mazoezi ya siku hiyo yanayouzoesha mwili mwendo huo. Ukishajua 2:50, "saa mbili" haikutishi tena; unabaki na kilomita moja mbele yako.

Chukua akiba ya shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Hiyo ni 100,000 kwa mwezi. Mama lishe anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi atenge 4,000 kila jioni kabla hajahesabu faida. Atafikisha 104,000, na zile 4,000 za ziada zitaziba siku moja mbaya. Au mtihani wenye mada 24 na wiki 16 za kujiandaa: mada mbili kwa wiki kwa wiki 12, na wiki 4 za mwisho uziache kwa karatasi za mitihani iliyopita.

Kosa tunaloliona zaidi ni la mtu kubandika ngazi ya kwanza ukutani ("Nitanunua kiwanja mwaka huu!") na kuishia hapo. Bango halimwambii afanye nini leo saa mbili usiku.

Nimeajiriwa na nina watoto. Wiki yangu niipangeje?

Hapa ndipo mbinu za wakimbiaji zinapofaa kuliko pengine popote, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Gawa wiki iwe na siku tatu nzito, siku tatu nyepesi na siku moja ya kupumzika kabisa. Kwa mwanafunzi aliyeajiriwa, wiki iliyokomaa inaweza kuwa hivi: Jumanne na Alhamisi dakika 75 kila siku, Jumamosi dakika 150. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa dakika 25 tu. Jumla ni dakika 375, yaani saa sita na robo. Jumapili hakuna kusoma. Kuna dakika 15 za kupitia daftari, basi.

Siku nzito iwe nzito kweli. Jumanne unafunga kitabu, unaweka saa mezani na kujibu maswali kwa muda uleule wa mtihani. Simu iko chumba kingine. Alhamisi unashughulika na mada moja inayokusumbua mpaka uweze kumweleza mtu mwingine bila kutazama. Jumamosi ni mbio yako ndefu: karatasi nzima, au sehemu kubwa yake, bila kuinuka. Hiyo ya Jumamosi ina faida ambayo vipindi vifupi haviwezi kukupa, kwa sababu mtihani wa saa tatu unamchosha mtu ambaye hajawahi kukaa saa tatu.

Siku nyepesi nazo ziwe nyepesi kweli, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mgeni akienda Iten, mji wa wakimbiaji huko Kenya, na kujiunga na mbio nyepesi za asubuhi hushangaa jinsi kundi linavyoanza polepole, karibu mwendo wa kutembea, ilhali ndani yake mna watu wenye medali. Hawana haja ya kumwonyesha mtu kitu siku hiyo. Wanatunza miguu kwa ajili ya kesho. Kwako wewe, dakika 25 nyepesi maana yake ni kusoma tena muhtasari, kupitia kadi za istilahi, kusikiliza kipindi kimoja cha lugha unayojifunza ukiwa kwenye daladala. Ukiona siku nyepesi imekuchosha, umeiharibu.

Anayefanya kila siku kwa ukali wa wastani hupata hasara pande zote mbili: hapumziki vya kutosha kuweza kufanya siku nzito, na hafanyi kitu kizito cha kutosha kumwongezea uwezo. Baada ya wiki sita anakuwa amechoka na yuko palepale, naye anadhani tatizo ni akili yake.

Kuhusu saa, chagua ile ambayo hakuna mwenzako wa kugombania naye. Saa kumi na moja alfajiri inawafaa wengi kwa sababu nyumba imelala. Kama wewe ni mtu wa usiku, iwe usiku, ila iwe saa ileile kila mara.

Niongeze kiasi gani, na kwa haraka gani?

Makocha wengi hutumia kanuni ya kukadiria: usizidishe asilimia 10 hivi kwa wiki, na kila wiki ya nne upunguze. Ukianza na dakika 240, wiki ya pili iwe 265, ya tatu 290, ya nne ushuke mpaka 200. Ya tano unarudi 290, kisha 320, 350, wiki ya nane unashuka tena 235, na ya tisa unafika zile 375.

Sababu yake kwa mkimbiaji ni ya kimwili. Moyo na mapafu huzoea kazi mapema, lakini kano na mifupa huchelewa. Mtu anajisikia ana nguvu, anaongeza, na wiki ya tano kisigino kinauma. Kwako wewe kinachochelewa ni mambo yanayokuzunguka: usingizi, mwenzi wako, watoto, bosi wako. Hamu yako ya kusoma imepanda kwa siku tatu, lakini nyumba haijazoea kwamba Jumamosi asubuhi haupo. Wiki ya kushuka ni ya kulipa madeni hayo. Usiiruke kwa kuwa unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu ipo.

Kila mara naanza kwa nguvu, halafu naishiwa. Kwa nini?

Kwa sababu hiyohiyo inayowaangusha wakimbiaji wapya kwenye kilomita ya 30 na kuendelea. Mwili unahifadhi wanga misulini na kwenye ini, na akiba hiyo haitoshi marathoni nzima kwa mtu anayekwenda mbio kupita uwezo wake. Kilomita kumi za kwanza ukikimbia kwa furaha, unaitumia akiba utakayoihitaji baadaye.

Tazama hesabu za mabingwa. Berlin mwaka 2018 Kipchoge alikimbia nusu ya kwanza kwa 61:06 na ya pili kwa 60:33, akamaliza kwa 2:01:39. Mkenya mwenzake Kelvin Kiptum, huko Chicago mwaka 2023, alipita nusu kwa 60:48 na kumaliza nyingine kwa 59:47, jumla 2:00:35. Wote wawili waliongeza mwendo mwishoni. Berlin 2022 Kipchoge alifanya kinyume: nusu ya kwanza 59:51, ya pili 61:18. Rekodi ilivunjwa, ndiyo, lakini hata yeye, kwenye siku njema, alilipia zile dakika za mwanzo.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza fanya theluthi mbili ya kile unachojisikia unaweza. Ukijisikia unaweza saa moja, simama kwenye dakika 40, hata kama sentensi haijaisha. Utarudi kesho ukiwa na hamu.

Kuna wanaotutajia Filbert Bayi, kwamba alianza kwa kasi na bado akashinda. Kweli, Christchurch mwaka 1974 Mtanzania huyo aliongoza mita 1,500 tangu bastola ilipolia mpaka utepe, akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.16 huku John Walker akimfukuza. Lakini huo ndio ulikuwa mtindo wake wa kukimbia. Kuanza kwa kasi kwake ulikuwa mpango, na mwili wake ulishaandaliwa kwa mpango huo.

Daftari la mazoezi niandike nini ndani yake?

Kidogo, kila siku, kwa kalamu. Vitu vitano vinatosha: ulichopanga, ulichofanya, ugumu kwa kipimo cha 1 hadi 10, saa za usingizi, na mstari mmoja wa maelezo. Ukurasa wa mtu anayesomea uhasibu unaweza kusomeka hivi:

*Jumanne. Mpango: maswali 4 ya kodi, dk 75. Nimefanya: 3, dk 80. Ugumu 8. Usingizi saa 5. Swali la pili nilisahau kutoa msamaha wa kodi, mara ya pili sasa.*

Maneno "mara ya pili sasa" yana thamani kuliko ukurasa mzima wa kujipa moyo. Bila daftari usingejua kama ni mara ya pili. Jumapili ukikaa na zile dakika 15, tafuta mambo matatu: kosa linalojirudia, siku ya wiki inayoharibika kila mara, na ugumu unaopanda huku kazi ikibaki ileile. Hilo la tatu ni dalili ya uchovu. Kama kazi ya dakika 75 ilikuwa 6 na sasa ni 9, wiki inayofuata punguza.

Andika na siku mbaya. Daftari lenye siku nzuri tu halitakusaidia siku ya kutafuta ulipokosea.

Na usingizi?

Ni sehemu ya kazi. Wakimbiaji wa kambini hulala mapema, na wengi hulala tena mchana. Wewe huenda hutapata mchana, basi linda usiku. Kuiba saa mbili za usingizi ili usome ni kukopa kwa riba kubwa, kwani ulichosoma huwekwa sawa kichwani ukiwa umelala.

Nimekosa siku kadhaa. Nifidie?

Usifidie. Siku moja au mbili zikipotea, endelea na ratiba kama zilivyo siku zilizobaki, na zilizopotea ziache. Ikipotea wiki nzima, rudi kwa nusu au theluthi mbili ya kiasi cha awali, kisha panda. Zikipotea wiki tatu au zaidi, kaa chini upange tarehe upya.

Anayefidia hugeuza Jumatano nyepesi kuwa nzito, Alhamisi anaingia amechoka, Jumamosi anakosa tena, na sasa ana deni la siku mbili. Mkimbiaji akifanya hivyo huumia mguu. Mweka akiba akifanya hivyo hutia 12,000 kwa mkupuo siku ya tatu, kisha siku ya tano anazitoa kununua unga.

Ninahitaji kocha, au kundi linatosha?

Kipchoge akiwa kijana alimwendea Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji Olimpiki ya Barcelona 1992, kumwomba programu ya mazoezi. Wamekuwa pamoja tangu hapo. Kocha mzuri ana faida moja ambayo huwezi kujipa mwenyewe: anakuona ukiwa umechoka nawe hujajua bado. Ukimpata mtu aliyekwisha kupita njia yako, mwombe nusu saa kwa mwezi na umpelekee daftari. Usimwombe "ushauri" wa jumla. Mwonyeshe kosa linalojirudia.

Kundi nalo lina nguvu. Vienna wakimbiaji 41 walipokezana kumwongoza Kipchoge na kumkinga upepo. Kwako watu watatu hadi watano wanatosha. Kikoba au chama kinafanikiwa kwa sababu siku ya kuchanga imepangwa, kiasi kimepangwa, na kila mtu anaona nani ameweka na nani hajaweka. Liendeshe kundi lako la masomo vivyo hivyo: siku moja, saa moja, kila mtu anaweka daftari mezani. Makundi ya kwenye simu hufa yanapogeuka mahali pa kupeana pongezi na picha za maua bila kupima chochote.

Nimesikia habari za "kuboresha asilimia moja". Nianze hapo?

Hapana. Mbinu hiyo, ya kuboresha kidogo kidogo vitu vingi vidogo, ilisifika kupitia timu ya baiskeli ya Uingereza chini ya Dave Brailsford, wakiangalia hadi mito ya kulalia na namna ya kunawa mikono. Wale walikuwa wameshafanya mambo makubwa yote. Mtu asiyesoma siku tatu kwa wiki hahitaji programu mpya ya simu wala kalamu za rangi.

Siku yenyewe inakaribia. Nifanye nini tofauti?

Wiki mbili za mwisho punguza kiasi mpaka kama nusu, lakini ukali ubaki. Mkimbiaji hukimbia kilomita chache zaidi huku akigusa kasi ya mashindano. Wewe jibu maswali machache kwa muda kamili wa mtihani. Utajisikia mzembe na utataka kufungua mada mpya. Usifungue.

Siku hiyo usijaribu kitu kigeni. Hata kwa bingwa vifaa huweza kuharibika: Berlin mwaka 2015 soli za ndani za viatu vya Kipchoge zilichomoka zikawa zinapepea nje kwenye vifundo vya miguu. Alikimbia hivyo kilomita nyingi, akashinda kwa 2:04:00, miguu ikiwa na malengelenge. Yeye aliweza. Wewe tumia kikokotoo ulichokizoea, kalamu mbili zilizokwisha kuandika, na njia ya kufika ambayo umeipita saa ileile siku ya kazi, ujue foleni yake.

Kisha andika mipango mitatu ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi". Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, kwenye mita 200 za mtindo wa kipepeo, miwani ya kuogelea ya Mmarekani Michael Phelps ilijaa maji mpaka akawa haoni ukuta. Alihesabu mikono aliyopiga, kwa kuwa alijua urefu huo unamchukua mingapi, akagusa kwa 1:52.03, rekodi ya dunia. Yako inaweza kuwa: swali la kwanza likinishinda, nitahamia la pili bila kufuta chochote, nikibaki na dakika 20 na maswali mawili, nitagawa kumi kumi.

Nikishindwa je?

Subiri wiki moja kabla ya kuamua lolote. Kisha fungua daftari ugawe sababu mafungu matatu: mpango ulikuwa mbaya, mpango ulikuwa mzuri ila hukuufuata, au ilikuwa bahati mbaya. London mwaka 2020 sikio la Kipchoge liliziba, akamaliza wa nane. Hilo ni fungu la tatu, na mazoezi hayakuhitaji kuvunjwa kwa ajili yake. Ukishajua fungu, badilisha jambo moja au mawili, siyo yote.

Tarehe 26 Juni 2025, Paris, Mkenya Faith Kipyegon alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika nne, akapata dakika 4 na sekunde 6 na ushei. Siku tisa baadaye, Eugene, alikimbia mita 1,500 kwa 3:48.68 na kuvunja rekodi yake mwenyewe ya dunia. Maandalizi ya lengo alilolikosa yalikuwa bado miguuni mwake. Alphonce Simbu, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania, naye alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio 2016, akapata shaba ya dunia London 2017, na Paris 2024 akamaliza wa 17. Septemba 2025, kwenye marathoni ya ubingwa wa dunia huko Tokyo, alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho. Wote wawili waliandikiwa 2:09:48, tofauti yao sekunde 0.03, na Tanzania ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia katika riadha.

Nitajuaje kama niendelee au niache?

Kuna picha mbili tunazoziheshimu sawasawa. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji na kuingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, wa mwisho kati ya waliomaliza. Olimpiki ya Paris mwaka 2024 Kipchoge, bingwa mara mbili wa mashindano hayo, aliacha mbio baada ya kilomita 30, mwili umekataa.

Tofauti usiitafute siku ya maumivu, maana siku hiyo kila mtu ana sababu. Chagua tarehe ya kuamua mapema, kwa mfano mwisho wa wiki ya nane, na uandike leo kipimo chake: nikiwa nimefanya angalau siku nzito 16 kati ya 24, naendelea; nikiwa chini ya hapo, nasogeza mtihani muhula ujao. Kuna mambo mawili yasiyosubiri tarehe: afya inayoporomoka, na fedha ya chakula au karo kuanza kuliwa na lengo. Hayo yakitokea simama siku hiyohiyo, mweleze kocha wako au kundi lako, na andika kwenye daftari ulisimama ukiwa umefika wapi.